Barua ya wazi kwa vijana wa Kibirizi na Mwanga, hapa Kigoma: hiyo zamani mnayoisifu mimi nimeiishi

Wanangu na wajukuu zangu,

Asalaam aleikum, na kwa wenye salamu nyingine, hamjambo nyote. Shikamoo zenu nazipokea kila nipitapo mwaloni, ila mengine hayasemeki mtu umebeba kapu na bodaboda nyuma yako anapiga honi. Vidole vyangu na kuchapa havijaelewana bado, kwa hiyo mimi nataja na mjukuu anaandika.

Juzi mtandao ulilala tangu adhuhuri. Tulikuwa tumesimama kwa wakala wa hela za simu pale Mwanga, hela za watu zimekwama, mmoja wenu akasema, "Bora zamani." Msemaji hana hata ndevu za kunyoa. Wenzake wakaitikia.

Zamani ipi? Mimi nimeuza dagaa wa ziwa hili la Tanganyika tangu nikiwa msichana. Gunia langu lilipanda treni hapa Kigoma, kwenye reli iliyofika ziwani mwaka 1914, likasafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam. Dagaa wanaondoka, mwenye dagaa anabaki Ujiji. Treni ikikwama njiani hujui. Mzigo ukishushwa hujui. Dalali wa kule ndiye aliyekuwa macho yako. Akisema dagaa wamelowa, basi wamelowa. Akisema bei imeanguka, imeanguka. Hela inakuja kwa mkono wa msafiri, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na kikaratasi cha mistari miwili, na msafiri naye anataka ya soda. Ukitaka kuuliza, unakwenda posta kupanga foleni ya simu. Ukiunganishwa, sauti inakuja kama mtu anaongea ndani ya pipa, na inakuambia bwana mkubwa ametoka.

Umbali tuliuzoea, wanangu. Ziwa ni pana na reli ni ndefu, hilo hakuna aliyelilalamikia. Kilichotutafuna ni kutojua. Dalali hakutuzidi akili wala mtaji. Alituzidi kujua bei ya siku ile, na kwa kitu hicho kimoja alijenga nyumba.

M-Pesa ilipoanza nchini mwetu, Aprili 2008, wengi tuliona ni mazingaombwe. Hela gani haina sura ya twiga wala tembo? Lakini taratibu mambo yakageuka. Leo kabla sijafunga gunia nampigia mteja wa Dodoma, nampigia wa Kariakoo, naulizia na kwa mama mmoja wa Tabora, halafu ndipo naamua mzigo unakwenda wapi. Mjukuu anawapiga picha dagaa wakiwa juu ya kichanja, weupe, wakavu, hawana mchanga, na mteja anaiona picha kabla jua halijazama. Atume nusu ya hela, ndipo nifunge. Mara nyingine gunia halijavuka Tabora, nami fedha yake nimeshanunulia dagaa wengine.

Na wavuvi waulizeni baba zenu habari za taa za karabai: mafuta ya taa, pampu, na kioo ambacho tone la mvua likikigusa kikiwa cha moto, kinapasuka na usiku wenu umekwisha. Leo taa ni za betri, zinachajiwa kwa sola. Sitaki kurefusha hapo, wavuvi wataeleza vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo mimi nashukuru. Namshukuru Mungu, nawashukuru walioumiza vichwa wakatengeneza vitu hivi, namshukuru na yule binti wa kibandani aliyenifundisha kusoma ujumbe wa hela mwenyewe: kiasi kwanza, kisha jina la aliyetuma, kisha salio. Hakunitoza kitu. Aliniambia, "Bibi, usiondoke hapa mpaka jina umelisoma kwa mdomo wako." Nikalisoma, watu wa foleni wakasubiri.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Mnakumbuka habari ya LUKU, mita za umeme wa kulipia kabla, mwaka 2024. Mita zile, na si za Tanzania peke yake, zilikuwa zinahesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haijaboreshwa isingepokea tena umeme mpya. Dawa ilikuwa nyepesi: ukinunua umeme unaletewa mafungu matatu ya tarakimu 20. Unaingiza la kwanza, unaingiza la pili, halafu la tatu ndilo lenye uniti zako. Kazi yenyewe ilikuwa bure, unalipia umeme tu.

Kijana mmoja wa huku kwetu, simtaji, alizunguka nyumba za wajane akiwaambia mita zao zimekufa na yeye anajua kuzifufua. Elfu tano kila nyumba. Jirani yangu alinisimulia alivyosimama kwenye kiti mbele ya mita, miwani imeteleza, anabonyeza tarakimu nne nne, akikosea mita inalia na anaanza upya. Alipochoka akamwita huyo kijana. Kijana akaingiza mafungu yaleyale yaliyokuwa kwenye simu ya mama mwenyewe, akapokea elfu tano, akaenda.

Mkoa huu ulikaa miaka na miaka nje ya gridi ya taifa, umeme wetu ukitoka kwenye majenereta ya dizeli. Bibi wa watu kauvumilia mgawo, kavumilia giza, halafu mtoto aliyemchanjia kuni za uji anamuuzia tarakimu zake mwenyewe! Yule ni dalali wangu wa zamani, tofauti ni kwamba huyu ananisalimia shikamoo.

Msinielewe vibaya. Jasho lina bei yake. Wakala anakula kamisheni, ni halali yake. Fundi akibadilisha kioo cha simu, alipwe, na msimkopeshe maneno. Lakini kumtisha mtu kwa kitu asichokijua, kisha kumuuzia utulivu, hiyo siyo kazi.

Wala sisemi mshukuru mkiwa mmefunga midomo. Tozo ya miamala ilipokuja Julai 2021 watu walipiga kelele, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kelele zile zilikuwa za haki. Mtandao ukilala, ulizeni kwa nini, dai hela yako irudi. Ila usiseme bora zamani.

Nina maombi machache. Bibi akitaka kukutajia namba yake ya siri ili umtolee hela, mkatize kabla hajamaliza, hata kama ni bibi yako wa damu. Mshike mkono abonyeze mwenyewe. Atachelewa. Foleni itanung'unika. Inung'unike.

Ukimkuta mzee amepokea ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii", usicheke ukapita. Wapo walioutii, kwa sababu kweli walikuwa na deni la mtu. Mwonyeshe autume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, na mweleze kwamba anayemdai hawezi kukosa kumpigia. Mwonyeshe na *106# ajue laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, maana tuliweka vidole kwenye mashine nyingi wakati ule wa kusajili kwa alama za vidole, na si kila mwenye mashine alikuwa mwema.

Na wewe uliyechukua zile elfu tano, unajua nyumba ulizopita. Sihitaji kuja kwako. Pita tena, hodi ni ileile.

La mwisho ni biashara. Vitochi vyetu, hizi simu ndogo za vitufe za sisi akina mama wa dagaa, vimefutika namba, mtu anabonyeza kwa kukisia. Fundi mwenye vitufe vipya aje barazani kwangu Ujiji Ijumaa baada ya alasiri, atutajie bei. Tuko wengi, kwa hiyo tunataka ya jumla.

Bibi yenu,
Ujiji