Kichwa kimoja cha dizeli kibaki Mwanza

Ndugu Mhariri,

Nimezaliwa na kukulia Igogo, mtoto wa dreva wa treni. SGR, reli mpya ya kisasa ya kutoka Isaka kuja Mwanza, naisubiri kwa hamu kama mwenyeji mwingine yeyote wa hapa. Lakini treni zake ni za umeme, na njia yake ina upana wa milimita 1,435. Vichwa vyetu vya treni vya dizeli ni vya njia ya milimita 1,000, ile iliyofika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, kwa hiyo huko havitakanyaga. Naomba walau kimoja kisiishie kwenye mizani ya chuma chakavu.

Wengi hudhani kichwa cha dizeli huenda kama lori. Sivyo. Injini huzungusha jenereta, na umeme wake ndio unaoendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Reli ikilowa na magurudumu yakaanza kuteleza, dreva humwaga mchanga mbele yake. Baba alikagua masanduku ya mchanga kabla hata ya kunywa chai.

Ila mimi nilipenda zaidi kutazama kazi ya Bandari ya Mwanza Kusini: kichwa kikisukuma mabehewa kuingia MV Umoja, meli yenye reli ndani yake. Mabehewa lazima yagawanywe kulia na kushoto ili meli isilale upande mmoja. Dreva yuko nyuma ya msururu wote, hamwoni samaki wala maji, anafuata ishara za mkono tu, tani kwa tani, polepole. Mtoto wangu nikimsimulia haamini.

Kikiachwa uani, mvua itaingia kwenye bomba la moshi, silinda zitashika kutu, na nyaya za shaba zitaibiwa usiku. Kinahitaji paa, mlinzi, na mafundi wa kukiwasha mara kwa mara. Mafundi wanaokijua bado tunao, ila wengi wamestaafu na wanazeeka. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Sisi tuna ziwa, bandari na stesheni vyote jirani.

Shirika la Reli na Jiji la Mwanza wakae wakubaliane mapema, kichwa kikiwa bado kinawaka. Baba ana daftari alilokuwa akiandikia safari zake, kurasa zote zipo. Siku paa likiezekwa, nitalileta mwenyewe.

Mtoto wa reli,
Igogo, Mwanza