Google ilivyogonga mwamba Korea Kusini

Mhariri,

Naishi Seoul mwaka wa tatu sasa, nasomea uhandisi. Mama mwenye nyumba nikimuuliza fundi viatu yuko wapi, hafungui Google. Anafungua Naver, mtandao wa Wakorea wa kutafutia habari, kile kisanduku cha kijani, anaandika Kikorea chake, na majibu yanatoka kwa watu wa mtaa uleule.

Naver ilianza 1999, Kikorea kikiwa haba mtandaoni. Mwaka 2002 ikafungua uwanja wa maswali: mtu anauliza kuhusu homa ya mtoto au kimchi (kabichi yao ya kuchachushwa) iliyochacha mno, wenzake wanamjibu. Google ilipobisha hodi, mitambo yake ilikuwa hodari, lakini majibu ya Wakorea yalikuwa yameshahifadhiwa kwa Naver. Hata ramani: 2016 serikali ya Korea iliikatalia Google kupeleka nje data za ramani za kina, ikitaja usalama.

Mama yangu anafuga kuku Njombe. Akitaka kujua chanjo ya mdondo, hunipigia simu mimi niliye Korea! Nakuomba sana, Mhariri, safu zenu za zamani za kilimo ziwekeni mtandaoni, kwa Kiswahili kilekile, bure.

Msomaji wenu,
Seoul