Dawa ya sifongo haipatikani kwa gunia

Mhariri,

Kila zinapozungumzwa dawa za baharini, sifongo huwa wa kwanza kutajwa, na maneno huishia palepale: miamba yetu imejaa tiba ya saratani, kilichobaki ni kwenda kuichuma. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili ni ya hatari, maana anayeyaamini atabeba gunia na panga hadi mwambani. Naomba nafasi nieleze kwa nini gunia halitoi dawa, kwa nini kipande cha ukubwa wa ngumi kinatosha, na kibali cha utafiti kinapaswa kusema nini juu ya kipande hicho.

Sifongo ninayemzungumzia si ile sponji ya dukani ya kuoshea vyombo, wala dodoki, ambalo ni tunda la mmea utambaao. Huyu ni mnyama, ingawa hana mdomo, tumbo wala mishipa ya fahamu. Ngozi yake imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo maji huingilia, na ana tundu kubwa moja au zaidi la kuyatolea. Ndani, seli zenye vijimkia hupiga maji bila kupumzika na kunasa bakteria. Kwa siku moja hupitisha maji yanayozidi ujazo wa mwili wake mara maelfu.

Kwa kuwa hawezi kukimbia, sifongo hujikinga kwa kemia. Mwaka 1995 mtafiti Joseph Pawlik na wenzake walichukua dondoo, yaani kemikali zilizotolewa mwilini, za aina zaidi ya 70 za sifongo wa Karibiani, wakazichanganya na chakula cha samaki kwa kiwango kilekile kilichomo mwilini mwa sifongo, wakawapa samaki. Asilimia 69 ya aina hizo zilitemwa. Vimiiba vya kioo alivyonavyo mwilini, ambavyo wengi hudhani ndiyo ngao yake, havikuwazuia samaki. Lakini sumu ina gharama. Sifongo wasio na sumu hukua na kupona majeraha haraka zaidi, na samaki wanaokula sifongo ndio huwapunguza. Samaki hao wakimalizwa na mitego, sifongo watamu huenea na kuyafunika matumbawe. Kwenye miamba ya Karibiani iliyovuliwa kupita kiasi hali hiyo imeonekana wazi. Kasa ng'amba ndiye asiyejali sumu wala vioo. Huko Karibiani chakula chake ni karibu sifongo tu, na matumbo yake hukutwa yamejaa vimiiba.

Sasa tuje kwenye hesabu ya dawa. Mwaka 1986 Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura wa Japani walitangaza halikondrini B, kemikali yenye makali dhidi ya seli za saratani, waliyoitoa kwa sifongo aitwaye Halichondria okadai. Walitumia kilo 600 za sifongo wabichi, wakapata miligramu 12.5, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kisu. Dawa iliyotokana na kazi hiyo, eribulini, hutolewa kwa kipimo cha miligramu 1.4 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili wa mgonjwa, siku ya kwanza na ya nane katika kila siku 21. Mtu mzima mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.6 huhitaji takribani miligramu 2.2 kwa sindano moja. Kama halikondrini yenyewe ingetolewa kwa kipimo hicho, kilo 600 zisingefikisha sindano sita, yaani wiki tisa zisizotimia, za mgonjwa mmoja. Huko New Zealand waliopoa tani nzima ya sifongo wa jamii ya Lissodendoryx karibu na Kaikoura, wakaambulia kama miligramu 300. Mwamba gani utastahimili hesabu hiyo?

Dawa ile iliokolewa na wanakemia. Mwaka 1992 Yoshito Kishi wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliiunda molekuli nzima maabara. Ikabainika kwamba makali yake yako kwenye nusu moja tu, na kampuni ya Eisai ikaitengeneza nusu hiyo kiwandani kwa hatua zaidi ya 60. Marekani iliidhinisha eribulini mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa mwaka 1969, ilipita njia inayofanana. Werner Bergmann na Robert Feeney walikuta ndani ya sifongo wa Karibiani, Tectitethya crypta, vijenzi vinavyofanana na vya DNA ila vimeshika sukari ya arabinosi mahali pa sukari ya kawaida. Wanakemia wakaiga umbo hilo. Seli ya saratani huipokea sitarabini kama tofali halali, inaiweka ukutani, na ujenzi wa DNA unakwama. Katika kichupa cha sitarabini hamna hata tone la sifongo. Kilichotoka baharini ni umbo la molekuli, na umbo ukishalijua huhitaji kurudi na gunia.

Tena mara nyingi mpishi wa kemikali hizo si sifongo mwenyewe. Kwa baadhi ya aina, bakteria wanaoishi ndani yake hufikia theluthi moja ya uzito wake au zaidi. Mwaka 2014 kundi la mtafiti Jörn Piel lilionyesha kwamba karibu kemikali zote zenye makali za sifongo mmoja aitwaye Theonella swinhoei zinatengenezwa na bakteria waliopewa jina Entotheonella. Ndiyo maana sifongo wawili wanaofanana kama mapacha, mmoja wa Pemba na mwingine wa Mafia, wanaweza kutoa kemikali tofauti, na ndiyo maana kipande kisicho na kumbukumbu ya mahali kilipotoka ni takataka ya maabara.

Kumbukumbu hiyo huanza kabla ya kisu. Piga picha sifongo akiwa mahali pake, rula ikiwa kando, kwa sababu ndani ya ethanoli mwekundu na wa manjano wote hugeuka rangi ya chai. Andika kina, tarehe, vipimo vya GPS, na alichoshikilia: jiwe, tumbawe lililokufa au mchanga penye nyasi bahari. Kata pembeni kwa kisu kikali na uache shina limeshika mwamba. Sifongo wengi huziba jeraha na kukua tena. Kila kipande kiingie mfuko wake hukohuko chini, kisikamuliwe, maana ukikamua unamwaga nusu ya unachokitafuta. Sehemu ya kemia iende kwenye barafu mara moja, kisha kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Sehemu ya vinasaba iingie kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ujazo wake usipungue mara tano ya kipande, na ethanoli hiyo ibadilishwe baada ya saa 24. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Sifongo amejaa maji, maji yale huidhoofisha ethanoli, na kipande huoza katikati huku nje kikionekana kizima. Spiriti ya duka la dawa haitoshi. Fomalini ni mbaya zaidi: huharibu vinasaba, na ikishachachuka huyeyusha vimiiba vya sifongo wa chokaa.

Kutambua aina hakuhitaji mashine ya mamilioni. Chukua kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, kiweke kwenye jiki hadi nyama iyeyuke, acha vimiiba vitulie, mwaga maji ya juu taratibu, suuza kwa maji safi mara nne au tano, umalizie na ethanoli. Dondosha kwenye kioo na utazame kwa hadubini ikikuza mara 100 hadi 400. Ukiharakisha kusuuza, vimiiba vidogo kabisa, ambavyo ndivyo hutofautisha aina, vitakwenda na maji. Usipoona kimiiba chochote usidhani umekosea: sifongo wa kuogea hana vimiiba, ana nyuzi tu, nazo jiki huzila.

Neno kwa waandishi wenzenu: mkiletewa taarifa kwamba dondoo la sifongo fulani "limeua seli za saratani", ulizeni kwanza kama chumvi iliondolewa. Chumvi ya bahari ikibaki kwenye dondoo huua seli vizuri sana. Jiki nayo huua. Swali lenye maana ni je, kwa kipimo kilekile seli salama zilibaki hai, na je, kiini chenyewe kimetengwa na umbo lake kujulikana. Kabla ya hapo hakuna dawa, na anayeuza unga wa sifongo mkavu kwa wagonjwa anauza vioo vilivyosagwa.

Anayetaka kipato kutokana na sifongo alime wa kuogea, kama kina mama wa Jambiani wanavyofanya. Mbegu ni kipande chenye upana wa sentimita tano hadi kumi kilichokatwa kwa sifongo mzazi mwenye afya na kutungwa kwenye kamba. Sharti kubwa ni kwamba kazi yote, kukata, kutunga na kuhamisha, ifanyike chini ya maji. Akitolewa juu, hewa huziba mirija yake. Atarudi majini akionekana mzima, kisha aoze baada ya siku chache. Kisu butu huponda badala ya kukata, na palipopondwa ndipo uozo huanzia. Kamba itundikwe mbali na mchanga, mahali ambapo hata bamvua kubwa haimwachi wazi na maji ya mvua za masika hayamfikii. Mwani na uchafu uondolewe kwenye kamba mara kwa mara, la sivyo vitundu huziba. Akioza mmoja, umkate na kumtoa siku hiyohiyo kabla hajawaambukiza jirani. Mavuno huchukua mwaka hivi, na bei hutokana na ulaini wa nyuzi, si na tiba yoyote.

Wenye mamlaka nao wana la kufanya. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Tanzania na Kenya ni wanachama, inataka atakayefaidika na viumbe vyetu agawane faida hiyo nasi. Vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, upande wa Tanzania, na NACOSTI, tume ya aina hiyohiyo, upande wa Kenya. Kibali kitaje gramu, si "sampuli" tu: gramu mia chache kwa kila aina zinatosha uchunguzi wa mwanzo, na anayetaka kilo aombe upya kwa maandishi akieleza kiini alichokwisha kukiona. Kipande cha pili chenye namba ileile kibaki nchini, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari Unguja au KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa, pamoja na picha na vipimo vya mahali. Kamati ya wavuvi ya kijiji ipewe nakala ya kibali ili ijue nani anakata, wapi, na kiasi gani. Huko Florida, mlipuko wa mwani ulipoua sifongo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kamba koche wachanga walikosa pa kujificha. Wavuvi wetu wa kamba koche wana haki ya kuuliza kabla kisu hakijashuka.

Msomaji wenu,
Unguja