Barabara ya Kusini msiipime kwa kuhesabu magari

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa kifuani toka juzi kwenye daladala, watu walikuwa wanabishana kuhusu pesa za barabara na kaka mmoja akasema ziende kwenye magari mengi, Dar ndo inalisha nchi, huko Kusini unaweza kwenda nusu saa hujapishana na gari, sasa lami ya nini. Karibu gari zima wakamuunga mkono. Hicho ndo kiliniuma, sio yeye peke yake.

Mi nakaa Mbagala, foleni ya Kilwa Road naijua vizuri tu, kwa hiyo sipingi Dar kujengewa. Mabasi ya mwendokasi tangu 2016, madaraja ya Mfugale 2018, Ubungo 2021, Tanzanite 2022, zote nimepita na nimefurahi. Ila mama yangu yuko Newala, Mtwara, na barabara yake pia ni ya Watanzania.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara ilikatika pale Somanga, Kilwa. Mama mdogo alikuwa kwenye basi anakuja kuuguza mjukuu, wakalala njiani siku mbili na watoto wadogo, maji ya kunywa yakawa ya kugombania. Dar barabara moja ikijaa maji unakata mtaa wa pili unafika umechelewa. Lindi na Mtwara hiyo ikikatika unazungukia Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa mpaka Morogoro, ni zaidi ya mara mbili ya safari na nauli yake mgonjwa anaitoa wapi?

Halafu hii hesabu ya magari inajizungusha yenyewe. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 mto Rufiji tulikuwa tunavuka kwa kivuko, mvua zikikolea njia inafungwa, watu wanasubiri meli. Ungehesabu magari wakati ule ungesema hakuna haja ya daraja kabisa! Daraja likaja, ile Ndundu–Somanga kilomita 60 ikapata lami, leo basi linatoka Rangi Tatu alfajiri na Mtwara linafika siku hiyohiyo. Magari yalikuja baada ya barabara, hayakutangulia.

Wazee wetu wanakumbuka na reli. Wakoloni walijenga ya Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga, karanga zikashindwa, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa kwa sababu mzigo haupo. Mzigo haupo! Na korosho za Masasi na Nachingwea zote hizi zimepita kwenye malori miaka na miaka. Huko Tandahimba na Newala ndo usiseme, ile barabara ya Mnivata mpaka Masasi kilomita 160 watu wamekula vumbi miongo mingi huku korosho yao inaingizia nchi dola. Gesi nayo, bomba la zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara lilifika Dar ndani ya miaka michache, nadhani wote tunakumbuka Mtwara ilivyochafuka 2013 watu wakilipinga.

Wapo ndugu zangu wa Kusini wanaosema Dar wametuibia, hapo siko nao, mama ntilie wa Mbagala hajamuibia mtu. Ninachotaka ni kwamba wanaopanga bajeti, na sisi tunaobishana kwenye daladala, tuulize pia barabara hii ikikatika watu wangapi wanabaki hawana njia nyingine. Kwa swali hilo Somanga ingekuwa na madaraja marefu na makalavati makubwa zamani sana.

Mama ana kliniki ya macho Dar mwezi wa nne. Nimemwambia asubiri masika yaishe kwanza.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam