Risala ya vijana wa taarab asilia na ngoma, Ngamiani, Tanga, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Utamaduni wa Jiji letu. Wazee wetu wa muziki mliokaa safu ya mbele. Viongozi wa mtaa, walimu, wazazi na wapenzi wa taarab: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu Ngamiani. Historia ya kikundi tutaifupisha, maana jua hili la kaskazi halina huruma na wageni bado wanaingia. Sisi ni vijana, wengi wetu wanafunzi wa sekondari walioko likizo. Tunajifunza taarab asilia na ngoma mbili: mdumange wa Wasambaa na selo ya Wazigua. Ofisi hatuna. Tunafanyia mazoezi barazani kwa mlezi wetu, na majirani wametuvumilia hadi usiku, Mungu awalipe.

Leo tumekuita kwa jambo moja. Tunaomba Desemba iwe msimu wa muziki wa Tanga, kila mwaka, bila kungoja mwenge wala ziara ya kiongozi.

Wazo hili lina asili yake. Mlezi wetu alikwenda Chennai, kusini mwa India, kumuuguza mama yake. Familia nyingi za Tanzania zinaujua mji ule kwa sababu ya hospitali. Yeye alifika Desemba, na jioni, mgonjwa akishalala, akawa anaingia kwenye kumbi za muziki. Alikuta mji mzima uko kwenye msimu. Kwa Watamil, wenyeji wa huko, huo ni mwezi wa Margazhi, kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, mvua zikiwa zimepungua na hewa imepoa. Huko wanayaita majira ya baridi, ingawa mtu wa Lushoto angeicheka baridi yenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, msimu ule haukushuka kutoka mbinguni. Desemba 1927 Congress, chama cha siasa cha India, kilifanya mkutano wake Chennai, wakati huo ikiitwa Madras, na pembeni pakafanyika kongamano la muziki. Mwaka uliofuata, 1928, ikaanzishwa Music Academy, na tamasha lake la kila mwaka ndilo lililozaa msimu. Kumbi nyingine zikafuata. Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza Chennai katika orodha ya miji bunifu ya muziki.

Kilichotuvutia zaidi ni mpangilio wa siku. Asubuhi bingwa hupanda jukwaani kueleza na kuonyesha: raga hii, yaani mpangilio wa sauti za wimbo, inapandaje, inashukaje, mdundo huu unahesabiwaje. Mchana ni zamu ya wapigaji chipukizi, na mara nyingi kiingilio ni bure. Jioni ndipo wanapokuja wakubwa, na tiketi zinalipiwa. Kijana anayeimba saa nane mchana mbele ya wazee wachache anajua njia ya kufika saa moja usiku iko wapi. Sisi hapa kijana akitaka kupanda jukwaani anasubiri harusi, na kwenye harusi anaambiwa apige nyimbo za kisasa tu.

Wasikilizaji wa kule nao wana namna yao. Wanakaa wakihesabu mdundo kwa kiganja juu ya paja, na mpigaji akipotea wanajua. Hatusemi watu wa Tanga waache kutunza, hapana, hela za kutunza ndizo zinazonunua nyuzi. Ila mtu anaweza kutunza na kusikiliza pia. Tena kumbi zile zina migahawa ya idli, dosa na kahawa, na mlezi wetu anaapa wapo wanaokwenda kwa ajili ya chakula, muziki wanausikia kwa bahati. Akina mama wa bajia na mihogo wa hapa, zingatieni hilo.

Sisi na watu hao hatukukutana jana. Kaskazi hii inayotuchoma ndiyo iliyokuwa ikiyashusha majahazi kutoka India na Arabuni. Mwaka ule ule wa 1928, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Na aliyeyaandika maisha yake ni Shaaban Robert, mtoto wa Tanga hii hii. Fidla nayo ni mgeni kwao kama ilivyo mgeni kwetu, imetoka Ulaya. Wao wameikalisha chini, kichwa chake kikilala kwenye kifundo cha mguu wa mpigaji, ikafuata sauti ya mwimbaji. Sisi tumeiweka begani, ikapigwa pamoja na ala nyingine za nyuzi, udi na kanuni. Kisha miaka ya 1960 na 1970 wazee wetu wa vikundi vya Black Star na Lucky Star wakaleta gitaa la umeme na besi, na Bi Shakila akaimba hadi pwani nzima ikajua Tanga iko wapi. Amefariki mwaka 2016. Vijana wengi hapa wanazijua nyimbo zake bila kujua ni za nani.

Kuna moja, Mheshimiwa, tusingependa kuiga. Bharatanatyam, ngoma inayoheshimika sana kwao leo, zamani ilidharauliwa na watu waliojiona wastaarabu. Miaka ya 1930 Music Academy iliipa jukwaa, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini baadaye familia za wanawake waliokuwa wakiicheza kwa vizazi hekaluni zilisukumwa pembeni, wakang'ara wengine. Hapa Tanga ukitaja ngoma, mtu wa Dar es Salaam anafikiria baikoko, ile ya kukata viuno, anacheka, mazungumzo yanaishia hapo. Ngoma zetu zikipata jukwaa la heshima, basi bibi anayejua selo awe wa kwanza kuitwa, alipwe, na jina lake liandikwe.

Changamoto tunazo, hatutazitaja zote. Kanuni yetu ina nyuzi zaidi ya 70 na haina mpigaji. Anayeweza kutufundisha ni mzee, na nauli yake tunachangishana. Hewa ya chumvi inaachisha gundi ya udi. Nyuzi za fidla tunaagiza Dar es Salaam na bei yake inatushinda.

Maombi yetu ni haya. Jiji litutengee ukumbi wiki mbili kila Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Asubuhi wazee wafundishe kwa posho, mchana vijana tupige bure, jioni vikundi vikubwa vipige kwa kiingilio. Mapato ya jioni yalipe posho za asubuhi. Ukumbi ukipatikana bila jenereta, tutapiga bila umeme. Taarab ilikuwepo kabla ya spika. Na ukituunganisha na mwalimu wa kanuni kutoka Unguja, hata kwa mwezi mmoja, tutampokea bandarini kwa ngoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii watapiga wadogo kwanza, kisha wazee. Tunakuomba usiondoke kabla ya wazee.

Tunaomba kuwasilisha.