Kabla hujafungua lango la uwanja

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba umekabidhiwa wageni wa kituo cha michezo ya vijana, na kwamba mashindano ya kwanza yamekaribia. Umeniuliza uanze na lipi: sheria za wageni au njia za watu wenye ulemavu. Yashike yote mawili kwa pamoja, kwa sababu langoni hayatengani. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kukuta njia imejengwa vizuri kabisa, kisha akazuiwa na sheria iliyoandikwa bila kumfikiria.

Chukua kibao cha "Vyenye magurudumu haviruhusiwi". Kiliwekwa kwa ajili ya baiskeli, lakini mlinzi mgeni kazini akikisoma neno kwa neno atasimamisha kiti cha magurudumu pia. "Usiingie na chakula wala kinywaji" humgusa mtoto mwenye kisukari, ambaye sukari ikishuka anahitaji kitu kitamu papo hapo, wala hawezi kungoja foleni ya kibandani. "Hakuna mbwa" humrudisha nyumbani asiyeona anayeongozwa na mbwa wake. Na "ukitoka hurudi" humwadhibu mtoto mwenye usonji ambaye kelele zimemzidi na anahitaji dakika 10 za utulivu nje. Usimwachie mlinzi kazi ya kukisia. Andika ruhusa hiyo ndani ya sheria yenyewe, kwa herufi za ukubwa uleule.

Andika na sababu. Mzazi anayeambiwa "maji matupu tu kwenye nyasi bandia" atabishana, lakini akiambiwa kwamba soda na chingamu hunata kwenye nyuzi na chembe za mpira, na kwamba kuzibandua ni kazi ya siku nzima, ataiacha chupa nje. Hali kadhalika njumu za meno ya chuma: hukata nyuzi na kitambaa kinachozishikilia. Picha za watoto zinahitaji ridhaa ya wazazi wao, hilo nalo liseme wazi. Langoni weka sheria 6 au 7 tu. Ya njumu ikae penye mlango wa kuingilia uwanjani, ya picha ikae jukwaani. Kibao chenye mambo 20 hakuna anayekisoma akiwa na mtoto mkononi na mkoba begani.

Sasa njia. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi 3 za sentimita 17 kila moja ni sentimita 51, kwa hiyo unahitaji mita 6 na kidogo. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Wanaona nafasi ni mita 2, wanamwaga zege la mita 2, na kazi inahesabiwa imekwisha. Mteremko huo ni 1 kwa 4. Magurudumu ya mbele huinuka, mtu anaweza kuanguka chali, na hata msaidizi mwenye nguvu anaogopa kumteremsha. Kama nafasi haitoshi, njia ipinde, na kila kona iwe na sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa mita 1.5 ili kiti kigeuke. Weka kishikio pande zote mbili, na ukingo mdogo chini ili gurudumu lisichepuke.

Milango ipime ikiwa wazi, kuanzia uso wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Ukipima fremu kwa fremu utajidanganya, kwa sababu bawaba na unene wa mlango hula sentimita kadhaa. Sentimita 80 za wazi zinatosha viti vingi vya kawaida. Lakini kwenu watakuja wachezaji wa mpira wa kikapu wa viti, na viti vyao vya mchezo vina magurudumu yaliyolala kwa nje, kwa hiyo chini ni vipana zaidi. Mlango wa ukumbi na wa chumba cha kubadilishia nguo uwe na mita 1 au zaidi. Usikubali mchezaji aingie uwanjani kwa kubebwa.

Choo kinahitaji jicho lako kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachogeuzwa stoo. Mafagio, koni na nyavu huwekwa humo kwa kuwa "hakuna anayekitumia", na hakuna anayekitumia kwa kuwa kimejaa. Mlango ufunguke kwa nje: mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio utakaowazuia waokoaji. Kamba ya kuitia msaada ifike karibu na sakafu. Wafanya usafi huifunga juu ili wapige deki, na aliyeanguka hawezi kuifikia.

Jukwaani, kaa kwenye kiti cha magurudumu wewe mwenyewe uangalie mchezo. Ukingo wa usalama mara nyingi huwa na kimo cha mita 1.1 hivi, na macho ya mtu mzima aliyekaa kwenye kiti huwa karibu na hapo hapo. Mtoto ataona bomba tu. Inua sakafu ya sehemu hiyo, halafu fikiria bao likifungwa na safu ya mbele ikasimama: je, bado anaona? Weka pia kiti cha mwenzake ubavuni. Kumtenga mtu na familia yake upande wa pili wa uwanja kunauma.

Ukiwa na mechi ya wachezaji wasioona, sheria ya mashabiki inabadilika kabisa. Mpira una njuga ndani, na mchezaji anayeuendea lazima aseme "voy" (Kihispania, yaani "naenda") ili wenzake wamsikie. Watazamaji wanyamaze mpira ukiwa mchezoni, washangilie bao likifungwa au mchezo ukisimama. Vuvuzela na ngoma zibaki langoni siku hiyo, na mtangazaji akumbushe kabla ya kila kipindi.

Kagua siku yenye watu. Siku ya utulivu kila njia ni nzuri. Siku ya mechi gari limeziba mteremko wa ukingo wa barabara, mikoba ya timu imelundikwa kwenye njia, vyuma vya foleni vimebana, na ufunguo wa geti la pembeni uko kwa mtu aliyekwenda kula. Ufunguo huo ukae na anayesimama pale pale, saa zote. Tembea na mtu anayetumia kiti kila siku, kuanzia maegesho hadi jukwaani, chooni na kibandani, mkiwa na futi ya kupimia, na uandike kila mahali mlipolazimika kusimama.

Uongozi ukisema fedha hakuna, wakumbushe Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006. Ibara ya 30 inataja watoto na michezo waziwazi.

Wiki moja kabla ya mashindano, viongozi wa timu wapate ujumbe wenye upana wa milango, idadi ya ngazi, choo kiko wapi, sheria ni zipi, na namba ya mtu wa kupigiwa. Usiandike tu "tunawakaribisha wote". Mzazi anahitaji sentimita ili aamue kama aje na kiti kikubwa au kidogo.

Pima ngazi za geti la pembeni na mlango wa choo, uniandikie vipimo. Nitakuhesabia njia ya mteremko itadai mita ngapi kabla fundi hajachanganya zege.

Wako,
Rafiki yako