Mwanafunzi wa jenetiki ya binadamu asomee maabara na kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni kuhusu masomo ya uzamili ya tiba ya molekuli na jenetiki ya binadamu, yaani elimu ya kutambua na kutibu magonjwa kwa kuchunguza vinasaba tunavyorithi kwa wazazi. Vijana wanaomaliza shahada za kwanza za udaktari, maabara na bayolojia hapa Moshi huniuliza mara kwa mara iwapo masomo haya yana tija katika nchi kama yetu, ama ni anasa ya mataifa tajiri. Nawajibu kuwa tija ipo, na ni kubwa, ila kwa sharti moja: mwanafunzi afundishwe kusoma vinasaba na afundishwe pia kuketi na familia ya mgonjwa, na yote mawili yapewe uzito katika shahada yake.

Elimu hii si ngeni kwetu kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya mgonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ina tabia tofauti na ya mtu asiyeugua, wakauita ugonjwa huo ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alibaini kuwa tofauti yote hiyo inatokana na asidi amino moja tu, yaani kipande kimoja kati ya vile vinavyojenga protini hiyo. Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Afrika Mashariki yakionyesha kuwa mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria. Hata hivyo, hadi leo kijana wa Kilimanjaro akitaka kubobea katika elimu hiyo hufikiria kwanza viza.

Hapa Tanzania inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na chuo chake walianzisha programu yao ya selimundu mwaka 2004, na wataalamu wake, akiwamo Profesa Julie Makani, wameijengea heshima duniani. Dodoma nako, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kuwapandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye ugonjwa huo. Matibabu hayo hayawezekani bila mtu anayejua kulinganisha vinasaba vya mgonjwa na vya ndugu zake, kwa sababu kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Anayefanya ulinganisho huo ndiye mtaalamu ninayemzungumzia, na tunamhitaji katika kila hospitali ya kanda.

Wapo wanaosema tuwapeleke vijana wachache nje, warudi na ujuzi uliokwisha kukomaa. Sipingi kusoma nje, lakini majibu ya nje hayatutoshi. Mfano wake uko mkoani Arusha kwenyewe. Uwezo wa mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa unatokana na badiliko dogo la vinasaba lililojulikana kwanza kwa watu wa Ulaya. Watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walipopima jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, walikuta kuwa wafugaji wetu wana mabadiliko yao wenyewe, yaliyojitokeza mbali na lile la Ulaya. Maana yake ni kwamba kipimo kinachotafuta badiliko la Ulaya peke yake kinaweza kumwambia Mmasai wa Longido kuwa maziwa hayamfai, ilhali ameyanywa tangu utotoni bila tatizo lolote. Kama kosa la namna hiyo linawezekana katika maziwa, basi linawezekana katika kipimo cha saratani au katika kukadiria dozi ya dawa, na huko madhara yake ni makubwa zaidi. Bara la Afrika ndilo lenye watu wanaotofautiana zaidi kwa vinasaba duniani, lakini ndilo lililochangia sehemu ndogo mno ya tafiti kubwa za jenetiki.

Sasa narudi kwenye sharti langu, kwa sababu ndipo ninapoona hatari ya kuzalisha wahitimu hodari wa mashine na wageni kabisa kwa wagonjwa. Nimefanya kazi ya maabara ya hospitali hadi nilipostaafu, na nimewaona akina mama wengi waliobebeshwa lawama ya ugonjwa wa mtoto, wengine wakirudishwa kwao, ilhali mtoto hawezi kupata selimundu ya aina iliyo ya kawaida zaidi bila kupokea jeni hiyo kwa baba na kwa mama vilevile. Karatasi ya majibu haiwezi kumwambia hivyo baba mwenye hasira. Anahitajika mtu mwenye subira, anayejua ukoo unavyoamua mambo, na anayeweza kueleza kwamba kila ujauzito wa wazazi wenye jeni hiyo wasiougua una uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa, hata kama mtoto aliyetangulia ni mgonjwa. Wazazi wengi hudhani kuwa akishaugua mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika.

Lipo na jambo zito zaidi. Damu ya familia inapopimwa kutafuta ndugu wa kuchangia uloto, majibu yanaweza kufichua kuwa baba anayemlea mtoto siye aliyemzaa. Nani aambiwe? Familia ilielezwa nini kabla ya kutoa damu, na ilikubali nini? Mwanafunzi ayajadili maswali haya darasani na kliniki, mbele ya mwalimu mzoefu, kabla hayajamkuta peke yake akiwa na ndoa ya watu mkononi.

Napendekeza kuwa Kanda ya Kaskazini iongoze. KCMC, hospitali ya rufaa iliyopo hapa Moshi, imepokea wagonjwa wa kanda nzima tangu mwaka 1971, ina chuo kikuu chake, na jirani yake ipo Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kilimanjaro. Kule Tengeru, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa mahususi kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Nashauri vyuo hivi viwe na shahada moja ya pamoja, ambayo mwanafunzi atasomea mbinu za molekuli na uchambuzi wa takwimu za vinasaba Tengeru, kisha ahudhurie kliniki za watoto, saratani na uzazi Moshi, na asihitimu hadi aweze kueleza majibu kwa mgonjwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, akisimamiwa na daktari pamoja na mtaalamu wa ushauri nasaha.

Wizara ya Afya na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma, nazo zihakikishe kuwa mhitimu huyo ana kada na ngazi ya mshahara inayolingana na elimu yake. Bila hivyo atatafuta kazi kwenye miradi ya wafadhili, na mradi ukifungwa ataondoka. Darasa la kwanza lichukue watumishi walioko kazini tayari katika hospitali za Mawenzi, Mount Meru na Haydom, wapewe ruhusa ya masomo yenye malipo, na kila mmoja aandike tasnifu yake juu ya ugonjwa anaokutana nao katika hospitali anayotoka.

Wako,
Mtaalamu mstaafu wa maabara,
Moshi